Nusu kaputi moja, kazi mbili: maneno ya mtaani kuhusu upasuaji wa mbwa na paka

Mbwa wangu jike, koko wa Kigamboni mwenye sikio moja la kulala, alizaliwa na kauvimbe kitovuni. Alipotimiza miezi sita nikaamua afungwe kizazi, yaani kitolewe, na hicho kiuvimbe kishughulikiwe pia. Jirani wa kulia akaniapia kwamba nikimfanyia yote mawili siku moja atafia mezani. Jirani wa kushoto akasema akishalala malizia kila kitu, hata meno, pesa ni ile ile. Kijana wa duka la dawa za mifugo naye akajitolea kuja na sindano yake, afanye kazi kibarazani kwangu kwa bei ya kuku wawili. Wote watatu walikuwa na uhakika kuliko daktari niliyempata baadaye.

"Upasuaji wa mara mbili kwa siku moja utamuua"

Ukiangalia mnyama anafia wapi, hofu hii inageuka. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulihesabu vifo 5 hivi kwa kila mbwa 10,000 wenye afya waliolazwa kwa nusu kaputi, na 11 hivi kwa kila paka 10,000. Sehemu kubwa ya vifo ilitokea baada ya kisu kuwekwa chini, hasa katika saa tatu za mwanzo za kuzinduka. Kwa hiyo kumlaza mara mbili ni kumpitisha mara mbili kwenye kipindi kile kile cha hatari, mbali na njaa ya kabla ya upasuaji na wiki mbili za kukimbizana naye asilambe mshono.

Kile kiuvimbe kilikuwa ngiri ya kitovu, yaani tundu kwenye ukuta wa tumbo ambalo halikuziba. Anapomfunga mbwa kizazi, daktari hupasua mstari wa katikati ya tumbo, na kwa kawaida huanzia karibu na kitovu. Ngiri ipo pale pale, kwa hiyo kuiziba ni kazi ya dakika chache za ziada. Kumrudisha mezani mwezi ujao kwa ajili yake ni kumsumbua bure.

Ziko kazi nyingine zinazoingia vizuri katika safari hiyo moja. Mbwa wa aina ndogo mara nyingi hubaki na chonge za utoto wakati za ukubwani zimeshaota, mbili zimebanana shimo moja. Kufikia miezi sita au saba jambo hilo huonekana wazi, na ndio umri ambao wengi huwapeleka kuhasiwa. Dume ambaye korodani moja haikushuka naye hutolewa zote mbili siku hiyo hiyo. Asitokee mtu akakwambia "hiyo ya ndani iache, haina kazi". Korodani iliyobaki tumboni ndiyo yenye hatari zaidi ya kuota uvimbe.

"Basi amelala, malizia kila kitu"

Hapa jirani wa kushoto anapotea, na kosa lake lina gharama zaidi kwa sababu linasikika kama akili ya biashara.

Kukwangua ugaga, ule uchafu uliogandamana kwenye meno, kunarusha vijidudu hewani na kuvisukuma ndani ya damu. Meno yenye ugaga kidogo kwa mnyama kijana mwenye nguvu yanaweza kusafishwa siku ya kufunga kizazi, ila kwa utaratibu: kwanza kazi safi ya tumbo, mshono ufungwe, ndipo mdomo, kwa vifaa vingine na glavu nyingine. Lakini kama fizi zimeoza na usaha unatoka, daktari mwangalifu atatenganisha siku. Sipendi ulafi wa "tumalize yote" unaomwacha mnyama na usaha ndani ya tumbo.

Tena muda wenyewe ni adui. Paka wa kilo tatu aliyefunguliwa tumbo hupoteza joto haraka sana, hata katika joto letu la Dar es Salaam, na aliyepoa hukawia kuzinduka. Mnyama mzee, au mwenye moyo au figo dhaifu, kila nusu saa ya ziada ina uzito wake. Daktari wangu alisema neno lililonituliza: "Nitaanza na kizazi, kisha ngiri. Nikiona hali imebadilika, naishia hapo." Aliyepanga mahali pa kuishia hunipa imani kuliko aliyeniahidi kumaliza.

"Mwache azae mara moja kwanza"

Hakuna faida ya kiafya katika kuzaa huko. Kwa mbwa jike, kufungwa kizazi mapema hupunguza uwezekano wa uvimbe wa chuchu, na kizazi kilichotolewa hakiwezi kujaa usaha, ugonjwa unaoua majike wengi wazima. Paka naye huanza kupandwa akiwa na miezi minne au mitano tu, na mimba yake ni siku 63 hadi 65. Ukingoja, utahesabu watoto. Pa kungoja ni kwa mbwa wa aina kubwa, ambao madaktari wengi hushauri wamalize kukua kwanza kwa ajili ya viungo vyao, na kwa jike aliye kwenye joto la kutaka dume, maana mishipa ya kizazi imejaa damu wakati huo. Suala la dini, kama kuhasi kunafaa au la, nakuachia wewe na shehe wako.

"Mbwa aliyehasiwa halindi nyumba"

Analinda. Anachopunguza ni kuruka ukuta kufuata majike. Ila chakula kipunguze, la sivyo atakuwa mlinzi wa umbo la gunia.

"Mpe ashibe asubuhi, apate nguvu"

Akitapika akiwa amelala, chakula kinaingia mapafuni. Mbwa na paka wazima hukaa bila kula saa sita hadi nane hivi. Wale wadogo sana hufungishwa saa chache tu kwa sababu sukari yao hushuka upesi. Maji ya kunywa yasiondolewe usiku kucha, na saa zenyewe akupangie daktari.

"Kila anayechoma sindano ni daktari"

Yule kijana wa dukani simchukii. Kuna wasaidizi wa mifugo wenye cheti na stashahada ambao wamechanja ng'ombe na mbuzi wengi kuliko daktari yeyote wa mjini. Kufungua tumbo ni jambo jingine. Daktari wa mifugo kamili Tanzania amesoma shahada ya miaka mitano, wengi wao pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya kazi hiyo ni ya Kenya Veterinary Board. Kuulizia usajili si ukorofi. Mwenye cheti cha usajili huwa amekitundika ukutani.

Nilimuuliza kijana angetumia dawa gani. Akataja zailazini peke yake. Hiyo hutuliza na kulegeza, mnyama akaonekana kama amelala fofofo, lakini peke yake haitoshi kupasulia tumbo. Huwa inachanganywa na nyingine, kama ketamini, pamoja na dawa halisi ya maumivu. Mbwa anayetetemeka chini ya kisu bila kuweza kubweka si mbwa aliyelala.

Yapo maswali yangu mengine, na majibu yake hayahitaji uujue udaktari. Atampima uzito kwenye mizani au atakadiria kwa macho? Atamwekea njia ya mshipa, ya kupitishia dawa na maji? Nani atakaa akihesabu pumzi na mapigo wakati yeye ana kisu mkononi? Atamruhusu lini kwenda nyumbani, akiwa anasimama au akiwa bado anayumba? Na usiku akitokwa damu, nani atapokea simu? Anayekasirika kwa maswali haya ameshakujibu. Anayekuorodheshea kazi za ziada bila kukuonyesha mdomo au kitovu chenyewe, mwambie akuonyeshe.

Bei nayo isikudanganye upande wowote. Bei ya chini kabisa mara nyingi imeondoa dawa ya maumivu, na jengo lenye vigae vya kung'aa halijakwambia kitu kuhusu nani anashika kisu.

"Akiugulia, nusu ya Panadol itamsaidia"

Kwa paka, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuua, na nusu si usalama. Ini la paka haliwezi kuiondoa vizuri dawa hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu huchoma tumbo na figo za mbwa. Daktari anayekuruhusu uondoke bila dawa ya maumivu ya wanyama, mrudie umdai.

Wangu aliingia saa tatu asubuhi, akatoka saa kumi jioni akitembea kwa miguu yake, akiwa na ile kola ya plastiki kama bakuli shingoni. Meno hayakuguswa. Siku ya kumi na mbili tukarudi kutoa nyuzi. Nilipewa karatasi: uzito wake, kila dawa na kipimo chake, saa aliyolala, saa aliyoamka, na mstari mmoja wa mwandiko mbaya, "ngiri imezibwa, nyuzi tatu." Nimeihifadhi pamoja na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kola aliitafuna siku ya nne.