Kushindwa kulisha: maana yake katika bunduki ya .22 inayojikoki yenyewe

Mwenye bunduki akisema "imekwama", fundi bado hajajua lolote. Huenda ganda lililotumika limegoma kutoka, risasi imegoma kulipuka, au risasi mpya imegoma kuingia. Kushindwa kulisha ni hilo la mwisho peke yake: bolti (kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) imerudi nyuma, inakuja mbele, lakini risasi inayofuata haitoki kwenye magazini (kibweta cha risasi) ikakaa sawasawa ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hulipukia. Kazi ya kwanza ni kuyatenganisha hayo matatu, maana dawa ya moja haitibu jingine.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Ruger 10/22, bunduki ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 na inayotumika sana huko kwa shabaha na kwa kuwinda sungura na kindi. Inatumia risasi ya .22 Long Rifle (.22 ni kipenyo kwa inchi). Bolti yake haina kufuli. Inazuiwa na uzito wake na springi tu. Risasi ikilipuka, ganda linaisukuma bolti nyuma, kulabu ndogo iliyo usoni mwa bolti inalivuta ganda, nalo linarushwa nje. Springi inapoirudisha bolti, sehemu yake ya chini inagonga ukingo wa risasi iliyo juu kwenye magazini, inaisukuma itoke, kichwa kinaelekezwa kwenye chemba, na ukingo unateleza kuingia chini ya kulabu. Mwendo wote huo unaisha kabla masikio hayajatulia, kwa hiyo tatizo dogo mahali popote njiani linatosha kuuvunja.

Kabla ya kulaumu chochote, hesabu risasi. Bolti ya 10/22 haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Magazini yake ya kawaida inabeba 10, na ukibonyeza kifyatulio mara ya kumi na moja utasikia "tik" tu. Watu wamebadilisha springi zisizo na kasoro kwa sababu ya magazini iliyokuwa tupu.

Ikikwama kweli, mdomo wa mtutu ubaki unaelekea mahali salama na kidole kitoke kwenye kifyatulio. Kama ulibonyeza na haikulia, ngoja angalau sekunde 30 kabla ya kufungua, kwa kuwa baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kama ililia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, acha kufyatua kabisa. Toa magazini, ondoa kila risasi, kisha pitisha kijiti cha kusafishia ndani ya mtutu kuhakikisha hakuna kichwa cha risasi kilichonasa. Na bolti isiyofunga usiisukume kwa nguvu.

Sasa tazama risasi ilivyokaa kabla hujaigusa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu ushahidi: wanavuta mkono wa bolti kwa haraka, risasi inaanguka chini, na sababu inapotea nayo.

Ikiwa kichwa kimeinama na kugonga chini ya mlango wa chemba, magazini inainua risasi kwa uvivu au haijapanda hadi mwisho. Ikiwa kichwa kimeelekea juu na kupinda, shuku midomo ya magazini, yaani kingo za juu zinazoishika risasi: imelika, imepanuka, au risasi yenyewe ina kichwa kilicholegea. Ikiwa kuna mkwaruzo au bonde katikati ya ganda, bolti haikurudi nyuma vya kutosha, ikaishia juu ya mgongo wa risasi badala ya kuushika ukingo. Ikiwa risasi imeingia karibu yote na bolti imebaki wazi milimita chache, tatizo liko kwenye chemba au chini ya kulabu. Na ukikuta ganda tupu bado limo ndani na risasi mpya inalisukuma kwa nyuma, huko si kushindwa kulisha. Ni kushindwa kutoa ganda.

Magazini ndiyo ya kuchunguza kwanza, na kuna sababu. Risasi ya .22 ina ukingo unaotokeza, kipenyo chake kama milimita 7, wakati mwili wa ganda ni milimita 5.7 hivi. Zikipangwa moja juu ya nyingine, ukingo wa juu ukikaa nyuma ya ule wa chini hunasana. Ruger waliepa hilo kwa gurudumu lenye vishubaka ndani ya magazini, kila risasi na chake. Gurudumu hilo linazungushwa na springi, na adui yake ni uchafu: nta inayopakwa vichwa vya risasi, chembe za baruti zisizoungua, na vumbi. Bonyeza risasi ya juu kwa kidole kisha achia. Irudi juu mara moja. Ikipanda polepole, safisha kwa brashi na dawa ya kusafishia, kausha vizuri, na usijaze mafuta, kwani mafuta hukusanya uchafu upya. Andika namba kwenye kila magazini. Ikikwama namba 3 peke yake, jibu umelipata bila kufungua skrubu.

Kama kitako kimebadilishwa, hakikisha mbao au plastiki haiizuii magazini kupanda hadi mwisho.

Baada ya magazini ni risasi. Za kasi ya kawaida huenda kama mita 325 kwa sekunde, za kasi kubwa kama 380, kichwa kikiwa na gramu 2.6 hivi. Risasi dhaifu haziisukumi bolti hadi nyuma, hasa bunduki ikiwa chafu au mafuta yamekuwa mazito kwa baridi. Jaribu aina mbili au tatu, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kisha usafi. Nyuma ya mwili wa 10/22 nyingi pamezibwa, hivyo mtutu husafishwa kwa kamba ya kuvuta kutoka kwenye chemba kwenda mbele, bila kuukwaruza mdomo. Chemba isuguliwe kwa brashi hasa, kwa sababu nta na masizi hutengeneza pete ngumu inayozuia ganda jipya. Chokoa kwa kijiti cha meno chini ya kulabu: punje moja ya uchafu pale inatosha kuuzuia ukingo kupanda. Tone moja la mafuta kwenye njia za bolti linatosha. Osha mikono, kwa kuwa masizi yake yana madini ya risasi.

Kosa jingine liko mkononi. Unapokoki, vuta bolti hadi mwisho kisha iachie ghafla. Ukiisindikiza taratibu, unaiibia springi nguvu na risasi itagoma hata kama bunduki ni nzima. Majaribio ya nyumbani yafanyike kwa risasi bandia za mazoezi, kamwe si za kweli.

Yote hayo yakishindikana, kinachobaki ni springi ya bolti, kulabu iliyolika au chemba yenye kasoro, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Mpelekee magazini iliyogoma, aina ya risasi ulizotumia, na picha ya risasi ilivyokuwa imekaa.