Kuku wa mayai aliyetolewa bandani: yanayosemwa mtaani na yalivyo

Wafugaji wa Arusha na Moshi wana kawaida moja: kundi la kuku wa mayai likitimiza kama mwaka mmoja na nusu, linatolewa lote kwa mkupuo. Banda linafagiliwa, kuta zinapakwa chokaa, vifaranga wapya wanaingia. Wale wa zamani wanajazwa kwenye matenga na kuelekea masoko ya Kilombero, Tengeru au Mbuyuni, na huko mwisho wao ni sufuria. Uingereza yapo mashirika yanayowachukua kuku wa namna hii na kuwagawia watu wa kuwatunza nyumbani. British Hen Welfare Trust inafanya kazi hiyo tangu 2005. Kwetu, anayetaka kumwokoa kuku anamwahi mchuuzi getini, analipa anacholipa mchuuzi, na kuondoka na kuku wanne au watano. Wengine wanafanya hivyo kwa huruma, wengine wanapigia hesabu mayai ya nyumbani. Halafu wanarudi mtaani kuomba ushauri, na hapo ndipo kuku wanapoanza kuumia.

“Wamemtoa kwa sababu amekwisha kutaga.”

Wamemtoa kwa hesabu ya biashara. Kuku hawa wa kisasa, wawe ISA Brown, Lohmann Brown au Hy-Line, wakiwa kileleni hutaga zaidi ya asilimia 90 kwa siku, yaani kuku 100 wanakupa trei tatu. Wakishavuka wiki ya 72 hadi ya 80 wanateremka taratibu, maganda yanakuwa membamba, na mayai yanapasukia kwenye trei kabla hayajafika dukani. Mfugaji anayenunua chakula kwa tani hawezi kuvumilia hilo. Wewe mwenye kuku watano unaweza, maana mayai matatu kwa siku yanatosha nyumba.

Tatizo ni kwamba wiki za mwanzo huenda usipate hata moja, na hapo jirani atakwambia umeuziwa kuku mbovu. Sababu ni mbili, na hakuna aliyekutapeli. Mabanda mengi huongezewa taa ili kuku wapate mwanga wa saa kama 16. Kwako anapata jua la Mungu tu, na huku kwetu, nyuzi tatu kusini mwa ikweta, hilo ni kama saa 12 mwaka mzima. Pili, mshtuko wa kuhamishwa humfanya abadili manyoya. Kuku anayebadili manyoya huacha kutaga, kwa sababu manyoya na yai vyote vinadai protini kutoka mwili ule ule. Anaweza kukaa hivyo wiki 8 hadi 12. Akirudi kutaga, mara nyingi ganda linakuwa bora kuliko lile aliloondoka nalo bandani. Anayemchinja wiki ya tatu kwa hasira ndiye anayepata hasara.

“Mfungulie ajitafutie. Kuku ni kuku.”

Hili ndilo linaloua wengi, na ndilo husemwa kwa upole kuliko yote.

Kuku wa kienyeji anayezunguka kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha Kibosho au Machame, akifukua chini ya migomba, ametokana na vizazi vingi vilivyoishi hivyo hivyo. Anataga mayai yake 40 au 60 kwa mwaka na anapumzika. Kuku wa mayai amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atage 300 na zaidi. Ganda moja lina uzito wa gramu kama 6, karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Zidisha mara 300: kwa mwaka mmoja ametoa maganda ya kilo 1.8, na yeye mwenyewe ana kilo mbili hivi. Ukimwachia panzi, majani na pumba ya mahindi hataacha kutaga mara moja. Mwili wake utaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa, na utaendelea kuchota hadi miguu iishiwe nguvu, umkute amelala ubavu bandani macho yamebaki wazi.

Kwa hiyo chakula chake kinabaki kile kile cha kuku wanaotaga, chenye protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Mfuko wa kilo 50 unawalisha kuku watano kwa siku 80 na kitu, na hiyo ndiyo gharama ya kuipima kabla hujaenda getini. Majani, mchicha na makombo yawe kiburudisho cha mchana, baada ya kushiba chakula chake. Wanaochanganya wenyewe pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wasisahau chokaa ya mifugo. Jambo ambalo hata wauzaji wengi wa pembejeo hawalisemi ni saa ya kuitoa: sehemu kubwa ya ganda hutengenezwa usiku. Mwekee jioni kibakuli cha makombe yaliyopondwa au chokaa ya chengachenga. Vile vipande hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka polepole wakati yeye amelala. Ile ya unga inapita haraka.

Na maganda ya mayai je? Wanasema yatamfundisha kula mayai. Yakaushe jikoni, yasage yasifanane tena na yai, mpe bila wasiwasi. Kuku hujifunza kula mayai kwa kukuta lililopasuka kwenye kiota.

Halafu kuna kujua kuishi nje, kitu ambacho hakuja nacho. Aliyetoka kwenye keji, yaani kizimba cha waya, hajawahi kukanyaga udongo. Mweke kwenye nyasi umwangalie: anainua mguu mmoja, anaukunja vidole, anauteremsha taratibu kana kwamba chini pana moto, kisha anasimama palepale. Hajui kuparua. Mdomo wake huenda ulikatwa ncha akiwa kifaranga, hivyo punje ya mahindi iliyo kwenye vumbi inamshinda kuiokota. Mpe chakula kwenye chombo chenye kina. Hamjui mwewe. Giza likiingia hatafuti banda. Atajikunyata popote giza lilipomkutia, na kicheche au nguchiro hatamuuliza jina. Siku za mwanzo mfungie bandani, kisha mtoe saa moja kabla ya jua kuzama, na ukamkusanye kwa mikono. Banda uliweke mbali na njia ya siafu. Wakaazi wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa siafu wa masika wanafanya nini kwenye banda lililofungwa.

Kitu cha kulalia kiwe chini, urefu wa goti au pungufu, kwa sababu mifupa yake ni dhaifu. Mfupa wa kidari wa kuku wengi wa aina hii umeshavunjika mara moja au zaidi na kujiunga vibaya. Pitisha kidole kifuani utausikia umepinda. Ndiyo maana yale mashada ya kuku tunayoyaona yamening'inia vichwa chini kwenye usukani wa bodaboda hayapaswi kuzoeleka. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini sioni ikimsumbua mtu barabarani. Wako mbebe kwapani, mabawa yakiwa yamebanwa, au kwenye tenga lisilojaa.

“Yule hana manyoya, ni mgonjwa.”

Mgongo mtupu, shingo nyekundu na kilemba kilichopauka na kulala upande ni sura ya kawaida ya kuku aliyetoka kwenye msongamano. Manyoya yamesuguliwa na waya na kudonolewa na wenzake. Yataota, na utaona vichomozi kama sindano zenye ala nyeupe. Usimshikeshike wakati huo, vinauma na vikivunjika vinatoa damu. Mgonjwa anajulikana kwa mengine: anasimama pembeni macho yamefumba, anakoroma, anaharisha kijani, hataki kula.

Ipo picha inayozunguka mitandaoni ya kuku waliovishwa sweta. Inachekesha, lakini sweta linakaa na unyevu, linaficha utitiri na kusugua manyoya yanayoota. Kama uko Marangu au Ngaramtoni na ukungu wa Juni na Julai umeshuka, ziba upande wa upepo, acha nafasi juu hewa ipite, na mwaga maranda makavu ya kutosha sakafuni.

“Changanya na wa kienyeji, watazoeana.”

Watazoeana, lakini baada ya kuwatenga wiki tatu au nne. Kuku wa bandani amechanjwa na anaweza kuonekana mzima huku amebeba mafua ya kuku ambayo wako hawajawahi kukutana nayo. Wa kienyeji nao ndio wanaokufa kwa mdondo (Newcastle) kila kiangazi, na kinga ya mgeni inaweza kuwa imeshafifia. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, aina ya I-2, hurudiwa kila miezi mitatu, tone moja kwa kuku. Wachanje wote kwanza. Siku ya kuwakutanisha weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, maana mgeni hatapewa nafasi.

“Kuku wa kisasa haishi bila dawa.”

Anaishi kwa chanjo, maji safi na banda kavu. Antibayotiki ya kila wiki “kwa kinga” haimkingi. Inazoeza vimelea dawa, na mabaki yake unayala kwenye yai. Dawa ya minyoo ni sawa, ila soma kibandiko ujue siku za kuacha kula mayai. Ukiona dawa haisemi lolote kuhusu mayai, muulize afisa mifugo, si kijana wa dukani. Shubiri na mwarobaini kwenye maji havitibu mdondo. Mdondo hauna tiba, ndiyo maana nimesisitiza tone la jicho.

Mengine, kwa haraka

Jogoo hahitajiki ili kuku atage. Anahitajika ukitaka vifaranga. Na ukivitaka, usimsubiri huyu aatamie, kwa sababu tabia hiyo imepunguzwa makusudi katika uzao wake. Mayai yake mpe mtetea wa kienyeji. Watakaototolewa ni chotara, wasitarajiwe kutaga kama mama yao. Kiini cha njano iliyokolea kinatokana na majani na mahindi ya njano aliyokula, na mpe mchicha uone. Homoni za kutagisha hawapewi. Kilichofanya kazi ni uchaguzi wa mbegu, chakula na taa.

“Bora umle, kumtunza ni anasa.”

Kumla si dhambi, na supu yake ni nzuri ukiwa na mkaa wa kutosha. Lakini hesabu ya anasa inategemea unaowachukua. Usibebe tu wale waliobaki mwisho kwenye kona ya banda. Chagua anayekuja kwenye chakula, mwenye macho angavu na tumbo laini. Tumbo lililojaa maji na kuning'inia kama kiriba ni dalili ya yai lililoangukia ndani ya mwili, na huyo hatafika mbali. Kabla ya kulipa, muulize mfugaji mambo matatu: wana wiki ngapi, chanjo ya mwisho ya mdondo ilikuwa lini, na dawa ya mwisho walipewa ipi na siku gani. Asiyekumbuka atafungua daftari. Asiye na daftari, nenda kwa wa pili.