Je, wajua kwa nini chuo humpa mhadhiri fedha za kujaribu kufundisha kwa njia mpya?

Mhadhiri analipwa mshahara, darasa lipo, ubao upo. Fedha za ziada ni za nini?

Hapa Mtwara jibu halipo mbali. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, hawamkabidhi mkulima mkorosho mpya kabla ya kuupanda kwenye shamba la majaribio. Ufundishaji nao unahitaji shamba la namna hiyo.

Chukua somo la takwimu, mada ya sampuli. Mhadhiri anaweza kuandika kanuni ubaoni na wanafunzi wakanakili. Anaweza pia kuwaletea gunia la korosho ghafi. Kila kundi linachota kilo moja, linahesabu punje, linazikata na kupima uzito wa viini vizuri, kama wanunuzi wanavyopima ubora. Gunia ni lile lile, lakini majibu yanatofautiana kundi hadi kundi. Hapo mwanafunzi anaiona tofauti ya sampuli kwa macho yake, na mtoto wa mkulima wa Tandahimba anaelewa kwa nini bei ya nyumbani kwao inategemea kilo chache zilizokatwa ghalani.

Sasa tafuta gunia hilo kwenye bajeti ya idara. Halimo. Mizani hazimo, wala glavu, na ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Kilicho ghali zaidi ni muda: kuandaa kipindi kimoja cha aina hii huchukua siku kadhaa, ilhali mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa tafiti alizochapisha. Kwa hiyo mfuko wa ubunifu, unaotoa fedha hizo za ziada, hununua saa zake, mara nyingi kwa kumlipa msaidizi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chuo hutangaza, mhadhiri huandika andiko fupi, jopo hulipitia. Swali zito la jopo ni hili: utajuaje kwamba wameelewa? Ndiyo maana wanafunzi hupimwa kabla na baada.

Tafiti za ufundishaji wa namna hii zimeshatoa majibu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake nchini Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walifeli kwa asilimia 33.8, walioshirikishwa darasani, asilimia 21.8. Katika darasa la watu 100, hao ni wanafunzi 12 wanaookoka. Anayejua sapu, yaani mtihani wa marudio, inavyomrudisha mtu nyuma hatasema ni wachache.

Fedha kubwa zina kazi yake. Kampasi ya Lindi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ni sehemu ya mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu nchini, wenye dola milioni 425 za Benki ya Dunia. Hizi za majaribio huwa ndogo kwa makusudi, ili jaribio likishindwa liandikwe wazi na mwingine asilirudie.

Linaponiuma ni pale jaribio linapofaulu. Ufadhili ukiisha, mizani huingia stoo na kanuni hurudi ubaoni. Idara iandike gunia lile kwenye bajeti yake ya mwaka unaofuata, mstari mmoja tu, karibu na karatasi na wino.