"Take off" ina maana gani? Kitenzi cha Kiingereza kwa Mbengali anayejifunza

Mlangoni mwa chumba tunachosomea Kiingereza jioni, hapa Ruwi mjini Muscat, palibandikwa karatasi yenye maandishi ya kalamu nene: "Please open your shoes." Aliyeiandika ni mwenzetu kutoka Chittagong, Bangladesh, fundi wa viyoyozi, mtu makini sana na daftari lake. Wanafunzi wengine walicheka. Mimi nilisimama pale na viatu mkononi nikiitazama, kwa sababu kosa lile lilikuwa na akili ndani yake.

Kibengali kina kitenzi "khola". Mlango unafunguliwa kwa "khola", kitabu kinafunguliwa kwa "khola", na shati au viatu vinavuliwa kwa "khola" hiyohiyo. "Juta khola" ni kuvua viatu. Mbengali akitafuta Kiingereza cha "khola", neno la kwanza linalomjia ni "open", na ndilo aliloandika ndugu yetu. Kiingereza chenyewe kinasema "take off your shoes", na kamusi ndogo ya mfukoni inamwambia kwamba "take" ni kuchukua. Kwa hiyo aliponiuliza, "Bhai (ndugu), nivichukue nivipeleke wapi?" alikuwa na haki ya kuuliza.

"Take off" ni kitenzi cha maneno mawili yanayofanya kazi kama neno moja. Ukiyapima moja moja hupati kitu. Wanafunzi wengi hung'ang'ania "take" kwa kuwa ndilo kubwa na ndilo wanalolijua, wakati mzigo umebebwa na lile dogo la nyuma. "Off" inasema kwamba kitu kilikuwa kimegusana na kingine, na sasa kimeachana nacho. Kiatu kilikuwa mguuni, sasa hakipo. Kofia ilikuwa kichwani, imetoka. Zamani "off" na "of" lilikuwa neno moja. Baadaye likagawanyika, na lile lililotamkwa kwa mkazo ndilo lililobaki na kazi hii ya kutenganisha.

Mswahili hana sababu ya kushangaa, maana sisi tuna "off" yetu, ila tumeificha mkiani mwa kitenzi. Tunavaa kisha tunavua. Tunafunga na kufungua, tunapakia na kupakua, tunaanika na kuanua, tunachoma mwiba na kuuchomoa. Walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendua. Kile ambacho Mwingereza anakiweka nje kwa neno la pili, sisi tunakitia ndani kwa silabi.

Mbengali naye ana njia yake. Yeye huongeza kitenzi cha pili. Badala ya "khola" tupu atasema "khule phela", na "phela" peke yake ni kutupa. Hakuna kiatu kinachotupwa hapo. "Phela" imeacha maana yake ya kawaida na imekuja kusema kwamba jambo limefanyika likaisha. "Kheye phela" ni kula ukamaliza, "bole phela" ni kusema neno likakutoka. Nilipomwonyesha ndugu yetu kwamba lugha yake imejaa vitenzi vya maneno mawili ambavyo neno la pili limebadilika tabia, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuviandika kimoja baada ya kingine ukurasa mzima. Anavitumia kutwa. Hakuwahi kuambiwa kwamba Kiingereza nacho kina mchezo unaofanana na huo.

Sasa tuzifuate maana zenyewe, tukianzia kwenye ndege. "The plane took off" ni ndege imeruka, imepaa. Ukishajua "off" ni kuachana na ulichokigusa, huna haja ya kukariri: magurudumu yameachana na ardhi. Maana hii haikuanzia kwa ndege. Kabla ya ndege kuwapo, Waingereza walishalitumia neno hili kwa mruko wa farasi anapoiacha ardhi kuvuka kiunzi. Kwa Kibengali cha maandishi kuruka kwa ndege ni "uddayan", neno la Kisanskriti, na ndege yenyewe ni "biman", ndilo jina la shirika la ndege la Bangladesh lililoanzishwa mwaka 1972. Kiwanja cha ndege wanakiita "bimanbandar". Isome tena taratibu: "bandar" hiyo ni bandari yetu, neno la Kiajemi lililosafiri Bahari ya Hindi pande zote mbili. Nililipenda neno hili tangu siku nilipolisikia.

Angalia pia kwamba ndege haina kitu inachokivua. Viatu vinahitaji mtu wa kuvivua, ila ndege inaruka yenyewe. Hapa wanafunzi wa Kibengali hutumbukia, wakaandika "the pilot took off the plane". Kwa kawaida Kiingereza kinasema rubani ameruka au ndege imeruka, basi. Hakisemi rubani ameiruka ndege.

Kutoka kwa ndege ni hatua moja tu hadi kwa mtu. "He took off" ni ameondoka ghafla, ametimka, amekata mbuga. Kibengali kina "kete pora" kwa mtu anayechomoka mahali kimyakimya, na kwa maneno yake ni "kata kisha anguka". Mswahili anakata mbuga, Mbengali anakata na kuanguka, na wote wawili hawaonekani tena bili inapoletwa mezani. Katika mafungu yote tuliyosoma, hili ndilo ambalo mwenzangu alilishika bila kuelezwa mara ya pili.

Biashara nayo inaweza "take off". Duka lilikuwa linasuasua, ghafla wateja wakajaa: limeshika kasi, limechanganya. Kwa Kibengali unaweza kusema "jome otha", ganda kisha inuka, na kule kuganda ni kwa maziwa yanapokuwa mtindi. Picha ni tofauti kabisa. Mwingereza anaona ndege ikiiacha ardhi, Mbengali anaona mtindi umeshika vizuri, sisi tunaona moto uliochanganya kuni. Anayejifunza asijaribu kuipeleka picha ya kwao ndani ya Kiingereza. Aichukue ya wenyewe kama ilivyo.

Kwenye bei na hesabu, "take off" ni kupunguza. "He took fifty off the price" ni amepunguza hamsini kwenye bei. Hapa nilikaa na jambo moja kwa siku kadhaa. Mwingereza akitaka kupunguza, anachukua. Mbengali anasema "bad deoa", na "deoa" ni kutoa kwa maana ya kumpa mtu. Nasi tunasema kumi toa tatu, kwa kitenzi kilekile tunachotolea sadaka. Kwa hiyo Mbengali na Mswahili wanakutana upande mmoja, Mwingereza yuko wa pili. Mwanafunzi wa Kibengali anayeandika "give off" akimaanisha kupunguza amefuata mantiki ya kwao. Lakini "give off" ni kitenzi kingine: ni kutoa harufu, moshi au joto.

Kuchukua siku ya mapumziko ni "take Monday off". Maana hii ni nyepesi kwa kila mtu. Mbengali husema "chhuti neoa", kuchukua likizo, na "neoa" ni kuchukua kwelikweli.

Imebaki maana moja ambayo vijana hawaitumii sana: kumwigiza mtu, sauti yake na mwendo wake, ili watu wacheke. "She takes off the boss very well." Kwa Kibengali ni "nokol kora", na "nokol" hiyo ni Kiarabu kilekile kilichotupa sisi nakili na nakala.

Kuhusu matamshi, mkazo ukae kwenye "off": take OFF. Ukiwa unataja tendo kama jina, yaani kule kuruka kwenyewe, mkazo unarudi mbele, TAKE-off, na kwa maandishi maneno yanaungana. Kibengali hupenda mkazo mwanzoni mwa neno, kwa hiyo wenzetu hutamka jina vizuri na kitenzi vibaya. Sikio la Mwingereza linaisikia tofauti hiyo mara moja.

Karatasi ya mlangoni ilibadilishwa. Ndugu yetu aliandika, "Please take off your shoes," na chini yake akaongeza, "Take off them here." Mstari wa kwanza uko sawa. Angeweza pia kuandika "take your shoes off", vyote vinakubalika kwa sababu viatu vimetajwa kwa jina lake. Lakini jina likishabadilishwa kuwa kiwakilishi, kama "them" au "it", halina ruhusa ya kukaa mwisho. Lazima liingie katikati: "take them off".

Kwa Kibengali angesema "ogulo khulun", hivyo kwanza na kitenzi mwisho, kwa hiyo lugha yake ilishamfundisha kwamba kiwakilishi hakisubiri hadi mwisho. Mimi nilimwonyesha kwa Kiswahili. Nikaandika "vivue" kwenye daftari lake na kuchora duara kwenye "vi". Nikamwambia hivyo ndivyo viatu, na ona vilipokaa, ndani ya kitenzi. Alichukua kalamu nene, akaenda mlangoni, akakata mstari wa pili na kuandika upya: "Take them off here."