Maswali na Majibu: DNA ya Bakteria Huanza Kunakiliwa Wapi?

Swali: Kipindupindu hurudi mara kwa mara Kasese, Uganda, na katika vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Albert. Bakteria wake wanapozaana, je, DNA yao huanza kunakiliwa popote tu?

Jibu: Hapana. Kromosomu ya bakteria, yaani molekuli ndefu ya DNA yake, kwa kawaida ni duara yenye sehemu moja ya kuanzia, ambapo protini iitwayo DnaA hujishikiza na kuzifumua nyuzi mbili za DNA, kisha kazi ikaendelea pande zote mbili hadi zikutane ng'ambo ya duara. Bakteria wa kipindupindu ana kromosomu mbili, na ile ndogo ina mwanzo wake pamoja na protini yake, RctB.

Swali: Mwanzo huo hupatikanaje ndani ya mamilioni ya herufi za DNA (A, C, G na T)?

Jibu: Kwa kuhesabu. Mtafiti huipitia DNA herufi baada ya herufi, akiongeza moja kila akutanapo na G na kupunguza moja kila akutanapo na C. Kwa sababu nyuzi mbili hazinakiliwi kwa namna moja, mabadiliko madogo yamejikusanya kwa vizazi vingi bila kulingana, hivyo hesabu hiyo hushuka, hufika chini kabisa karibu na mwanzo, halafu hupanda. Hapo ndipo hutafutwa maneno mafupi ambayo DnaA huyatambua. Katika bakteria E. coli, mojawapo ni TTATCCACA, ambalo kwenye uzi wa pili husomeka TGTGGATAA, kwa hiyo kompyuta lazima itafute yote mawili. Jeni ya dnaA nayo mara nyingi huwa jirani: katika bakteria wa kifua kikuu, ambao mpangilio wa DNA yao ulichapishwa mwaka 1998, ndiyo jeni namba moja. E. coli, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, hafuati ujirani huo.

Swali: Kompyuta ikishaonyesha, basi?

Jibu: Bado huo ni ukisio. Maabara hukikata kipande cha DNA kilichoonyeshwa na kukiunganisha na DNA ya duara isiyo na mwanzo wake. Ikiwa duara hilo litanakiliwa ndani ya bakteria, mwanzo umethibitika.

Swali: Mgonjwa ananufaika vipi?

Jibu: Si moja kwa moja. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, huvuruga unakili, lakini hulenga kimeng'enya kinacholegeza msokoto wa DNA, si mahali pa kuanzia. Mgonjwa wa kipindupindu huhitaji kwanza maji yenye chumvi na sukari, ORS, na kuwahishwa kituo cha afya.