Uvumilivu wa mwanga: kinachobadilika ukihama filamu kwenda dijitali

Uvumilivu wa mwanga ni kiasi ambacho mpiga picha anaweza kukosea, kwa kuzidisha au kupunguza mwanga, na picha ikabaki nzuri. Wengi wakilinganisha filamu na dijitali hutaja idadi: mkanda ulitoa picha 24 au 36, kadi inabeba maelfu. Ni kweli, lakini naona badiliko zito zaidi liko hapa, maana filamu na dijitali huvumilia makosa ya pande tofauti.

Chukua bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, gauni jeupe la lesi, jua la saa saba mchana. Aliyezoea negativu ya rangi, yaani filamu inayonasa picha kinyume (mwanga huwa giza) kabla ya kuchapwa, hupima mwanga usoni. Gauni linazidishiwa, naye hana wasiwasi: negativu ikipata hata mara nne ya mwanga uliotakiwa, mara nyingi lesi bado imo, na fundi wa kusafisha picha huitoa wakati wa kuchapa. Kinachoiua negativu ni giza, kwa sababu kivuli kisichopata mwanga wa kutosha hakiachi alama yoyote juu yake. Ndiyo maana wakongwe, wakiwa na shaka, waliongeza mwanga.

Ukifanya hivyo kwa dijitali, gauni limeungua. Kihisi cha kamera kina mamilioni ya vituo vidogo, na kila kituo hukusanya chaji ya umeme kadiri mwanga unavyoingia. Kikishajaa, mwanga unaozidi haurekodiwi tena. Katika faili ya JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaichakata na kuibana, kila rangi (nyekundu, kijani na bluu) ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Pale rangi zote tatu zinapofika 255 pana weupe mtupu, bila lesi wala mkunjo, na hakuna programu ya kurudisha kisichorekodiwa. Akiba iko upande wa kivuli: ukipiga faili ghafi (RAW, yaani data ya kihisi ambayo kamera haijaichakata) unaweza kuung'arisha uso baadaye, ingawa ukizidisha, chengachenga hujitokeza.

Kwa hiyo mpiga picha wa dijitali hulinda weupe kwanza, kisha huutafutia uso mwanga wake: flashi, kibao cheupe cha kurudisha mwanga, au kumhamishia bibi harusi kivulini, njia ambayo mimi huipenda kuliko zote. Waliopiga slaidi, filamu inayotoa picha ya kutazamwa moja kwa moja bila negativu, hawakusumbuka sana na mabadiliko haya, kwani slaidi nayo huungua upesi.

Kioo cha nyuma ya kamera hudanganya juani, kwa hiyo tazama histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Mchoro ukibanana kwenye ukingo wa kulia, punguza mwanga upige tena. Katika kamera nyingi mchoro huo hutokana na JPEG hata kama unapiga faili ghafi, hivyo faili yenyewe huwa na nafasi kidogo zaidi ya inayoonekana.