Presha si mvi

"Mwanangu, hii presha ni ya uzee tu." Mama wa miaka 62 aliniambia hivyo wiki moja baada ya Idi, nikiwa bado namvua kipimo mkononi. Kilisoma 168 kwa 84. Aliitaja presha kama mtu anavyotaja mvi: zimeshaota, basi tena. Nikamuuliza amefungua kinywa na nini. Chapati, akasema, na mchuzi wa papa mkavu uliobaki usiku.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na nakiri kwamba hakukosea sana. Aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ina nyuzi zinazovutika ziitwazo elastini. Moyo ukipiga, aota hutanuka kupokea damu, kisha hujirudi na kuisukuma mbele. Hufanya hivyo karibu mara 100,000 kwa siku. Nyuzi hizo mwili huzitengeneza zaidi utotoni, na zikichakaa ukubwani mwili hauwezi kuzifuma upya ipasavyo. Mahali pake hujazwa na kolajeni, ambayo ni ngumu. Umewahi kuona mpira wa manati uliosahauliwa juani? Ndivyo aota inavyokuwa. Namba ya juu ya presha, moyo unaposukuma, hupanda kwa sababu mshipa hautanuki tena, na ya chini, moyo unapopumzika, hubaki pale pale au hushuka, ndiyo maana namba za wazee wengi huachana sana. Moyo unaosukuma dhidi ya mshipa mgumu huota misuli minene, na moyo mnene haulegei vizuri kupokea damu. Mwenyewe utaona pumzi inakatika ngazini.

Lakini je, ni lazima iwe hivyo, na kwa kasi hiyo?

Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao INTERSALT, uliopima presha, na chumvi iliyotoka kwenye mkojo, ya watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 duniani. Katika vituo vinne watu walikula chumvi kidogo mno: viwili vya Brazili, ambako Wayanomami, watu wa msitu wa Amazoni, ni mfano maarufu, kimoja Papua Guinea Mpya, na kimoja Kenya. Huko presha ilikuwa ya chini, na iliongezeka kidogo sana kadiri umri ulivyosogea, au haikuongezeka kabisa. Babu na mjukuu, karibu presha moja.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulichapishwa 1990. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Muda mfupi tu baada ya kuhama, presha za wahamiaji zilikuwa juu zaidi. Katika mkojo wao sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imepanda, na potasiamu, madini ya matunda na mboga, imeshuka. Uzito nao uliongezeka, sitaki kuuficha. Ila hakuna mtu anayezeeka ndani ya basi la kwenda Nairobi. Kilichobadilika ni maisha, na sahani ikiwemo.

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Wagonjwa wangu hukitetea kichupa cha mezani, kumbe wameshamaliza kijiko chao kwenye mkate, vidonge vya mchuzi, ng'onda, na chipsi za jioni. Na embe bichi la chumvi na pilipili, ambalo hata mimi linanishinda.

Upande wa pili ni potasiamu, inayosaidia figo kutoa sodiamu na mishipa kulegea. Tunayo tele: ndizi, viazi vitamu, maharage, mbaazi, mchicha. Mchicha ukiuchemsha na kumwaga maji, sehemu yake umeimwaga nayo. China ilijaribu kuibadilisha chumvi yenyewe. Katika vijiji 600, watu karibu 21,000 walifuatiliwa; nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Matokeo yalitoka 2021: waliopewa walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Tafadhali usiinunue kwa kusoma hapa tu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama losartan, enalapril au spironolactone, potasiamu inaweza kumrundikia hadi mapigo ya moyo yavurugike. Muulize daktari wako kwanza.

Yule mama sikumkataza papa. Tulikubaliana amroweke usiku kucha, abadilishe maji, asitie chumvi nyingine, na ladha aitafute kwenye ukwaju, tangawizi na kitunguu saumu. Dawa zake hatukuzigusa.

Alirudi baada ya miezi miwili na malalamiko. Pilau ya shughuli ya jirani, ambayo wenzake wote waliisifu, yeye ilimshinda kwa chumvi.